Neno "Hasikii"

Walimu wetu, wazazi mliofika, wanafunzi wenzangu. Walionizidi umri, shikamooni. Rika langu, hamjambo.

Nimeombwa nieleze nilichokiona katika wiki sita nilizokaa na wataalamu wa usikivu. Nilikuwa nawafuata chumba hadi chumba, natazama, naandika, nauliza, na mwishoni nikaruhusiwa kushika mashine. Nilipokuwa nakwenda niliamini nitarudi na habari za mashine. Nimerudi nazo, na nitawasimulia. Lakini kilichonikaa moyoni ni neno moja ambalo sote tunalisema, na mimi nimelisema mara nyingi bila kulifikiria: hasikii.

Kiswahili kimelitwika neno hili mizigo miwili. Tukisema "mtoto huyu hasikii", huenda tuna maana kwamba masikio yake yana shida. Huenda pia tuna maana kwamba ni mkaidi, anaambiwa hafanyi. Methali yetu inasema sikio la kufa halisikii dawa, na kila mtu anajua kwamba hapo anasemwa mtu asiyeshaurika. Sasa mfikirieni mtoto ambaye kweli hasikii, anayeishi mahali ambapo neno la kumtetea na neno la kumshitaki ni lile lile. Mtoto huyo nilimkuta, na nitamfikia. Kwanza twende chumbani.

Chumba cha kupimia ni kidogo. Kuta zake ni nene na zimefunikwa kwa kitu laini kinachomeza sauti, na mlango ni mzito mpaka unausukuma kwa bega. Ukifungwa, unaanza kuzisikia pumzi zako mwenyewe. Anayepimwa anakaa ndani na kitufe mkononi, mpimaji anakaa nje mbele ya mashine iitwayo audiometa, na katikati yao kuna dirisha la kioo. Lakini kabla ya kumwingiza mtu humo, wataalamu wangu walianza kila mara kwa kumwangalia sikio kwa kitochi chenye lenzi. Nta ikiwa imeziba tundu lote, unapima nta, hupimi sikio.

Mtu wa kwanza niliyemwona akipimwa alikuwa mzee aliyeletwa na binti yake. Alikaa, akanitazama, akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi nasikia. Tatizo ni nyinyi vijana, siku hizi mnanong'ona." Alisema kwa uhakika kabisa, na nilimwamini. Nusu saa baadaye karatasi yake ilikuwa mezani, ndipo nikaelewa kwamba mzee hakuwa akidanganya. Alikuwa akieleza sawasawa jinsi dunia inavyomfikia.

Karatasi hiyo huitwa audiogramu, na kuisoma si kazi ngumu. Kushoto kuna sauti nene, kama ngoma kubwa. Ukienda kulia sauti zinazidi kuwa nyembamba, kama mlio wa filimbi. Kipimo kinaanza hezi 250, yaani mitetemo 250 kwa sekunde, na kuishia hezi 8,000. Sikio changa na zima husikia mbali zaidi ya hapo, tangu hezi 20 hadi 20,000 hivi, lakini sehemu kubwa ya maneno ya binadamu imo katika eneo linalopimwa. Juu ya karatasi ni sauti hafifu, chini ni sauti kubwa, na ukubwa unahesabiwa kwa desibeli. Duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni la kushoto. Kadiri alama zinavyoshuka, ndivyo sauti inavyobidi kuongezwa ili mtu aisikie.

Alama za mzee zilianza juu upande wa kushoto, pazuri kabisa, kisha zikateremka kama njia ya mlimani. Sauti nene alikuwa anazipata vizuri, nyembamba zilikuwa zimemponyoka. Katika usemi, irabu zetu a, e, i, o, u zina nguvu, na nguvu hiyo imo zaidi upande wa sauti nene. Konsonanti kama s, f, sh na th ni hafifu na zimo upande wa nyembamba. Mtu kama mzee wetu anapata irabu, anajua kwamba kuna anayesema, tena anajua ni nani. Lakini "sisi" na "fisi" kwake zinafanana. "Fika" na "shika" zinafanana. "Thamani" na "samani" zinafanana. Basi anasikia, haelewi, na anahitimisha kwamba watu wananong'ona. Kumpigia kelele hakumsaidii sana, kwa sababu tukipaza sauti tunaikuza zaidi irabu, ambayo ndiyo aliyokuwa nayo tayari. Binti yake alipoelezwa hayo alinyamaza, kisha akasema polepole kwamba kwa miaka miwili amekuwa akimpigia kelele baba yake.

Nimeanza na mzee kwa sababu hiyo. Usikivu unaopotea polepole haumwambii mwenye nao kwamba unapotea. Anayeona vibaya huona ukungu. Anayesikia vibaya hakisikii kile asichokisikia, kwa hiyo hana anachoweza kukilalamikia. Ndiyo maana kuulizana tu "unasikia?" hakutoshi, na ni lazima kupima.

Sasa kipimo chenyewe. Mpimaji huanza na sikio ambalo mtu anaona ni zima zaidi, kwa mlio wa hezi 1,000, ukiwa mkubwa wa kutosha kusikika bila taabu. Mtu akibonyeza kitufe, sauti inashushwa desibeli 10. Akibonyeza tena, inashushwa 10 nyingine, mpaka anyamaze. Akinyamaza, inapandishwa 5, na 5 tena, mpaka asikie. Akisikia, inashushwa 10 upya. Unateremka kwa kumi, unapanda kwa tano, na unatafuta kile kiwango cha chini kabisa ambacho mtu anakijibu angalau nusu ya mara ulizompandishia. Hicho ndicho kizingiti chake kwa mlio huo. Kisha unakwenda kwenye mlio mwingine, kisha sikio la pili.

Wengi huuliza kama desibeli sifuri ni ukimya. Hapana. Kwenye mashine hii sifuri ni wastani wa sauti ndogo kabisa ambayo vijana wenye masikio mazima waliweza kuisikia. Wapo watu wanaosikia hata chini ya sifuri, nami nimewaona wawili.

Nikaona ni kazi rahisi, kubonyeza na kuandika. Wiki ya nne nikapewa nafasi, mwalimu wangu amesimama nyuma yangu. Aliyekuwa ndani ni kijana fundi wa vyuma, ambaye kutwa nzima anasaga na kugonga. Nilitoa mlio, nikahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, nikatoa mwingine. Majibu yakaja mazuri ajabu. Alama zake zilikaa juu kwa mstari ulionyooka, nami nikafurahi kwa ajili yake. Mwalimu wangu akaniwekea mkono begani. "Mwanangu, usibonyeze chochote. Mtazame tu."

Nikaacha. Sekunde tatu zikapita, hakuna mlio wowote. Kijana akabonyeza kitufe.

Mwili uliniisha nguvu. Nilikuwa nimemfundisha mwendo, naye kwa nia njema kabisa alikuwa akiufuata, kama mtu anayepiga makofi kwenye wimbo anaoujua. Tulianza upya. Safari hii nilichanganya nafasi kati ya mlio na mlio: mara fupi, mara ndefu sana, mara nikakaa kimya mpaka nikaona anatikisa mguu. Kwenye hezi 4,000 alama yake ilishuka, tena ilishuka sana, kisha kwenye 8,000 ikapanda kidogo. Bonde hilo la kwenye 4,000 wataalamu wanalijua. Ni moja ya alama za sikio lililopigwa na kelele. Karatasi yangu ya kwanza ingeingia kwenye faili, yule kijana angerudi kwenye karakana yake akiamini masikio yake ni mazima, wala hakuna ambaye angemwambia avae vizibo.

Tangu siku hiyo ninauheshimu ukimya. Nilidhani mpimaji mzuri ni yule anayejua kutoa sauti, kumbe ni yule anayejua kusubiri bila kumsaidia anayepimwa, si kwa uso, si kwa kutingisha kichwa, si kwa mkono unaoonekana kupitia kioo ukielekea kwenye kibonyezo.

Na kwa kuwa nimetaja kelele, niwaambie wenzangu mnaolala na vipokea sauti masikioni. Ndani ya sikio, katika kiungo kilichojikunja kama konokono kiitwacho koklea, kuna seli za vinyweleo zipatazo 15,000 kila upande. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kwenye desibeli 90, saa hizo 40 zinabaki 4. Kumi tu zikiongezeka, wiki nzima inakwisha kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza. Sina la kuongeza hapo.

Turudi kwenye vipimo, maana kuna kimoja kilichonisumbua akili kwa siku kadhaa. Alikuja mama mmoja aliyeugua matubwitubwi utotoni, akasema sikio lake la kushoto limekufa tangu hapo. Tukampima kwa vipokea sauti vya kawaida. Sikio lililokufa likajibu. Halikujibu kwa sauti ndogo, ilibidi tuifikishe kwenye desibeli 60, lakini lilijibu kila mlio. Nikadhani mama amekosea kuhusu mwili wake mwenyewe. Mwalimu wangu akasema, "Yule anayejibu siye uliyemwuliza."

Mfupa wa kichwa haujui kulia wala kushoto. Sauti ikiwa kubwa ya kutosha, inavuka fuvu hadi ng'ambo, na sikio zima linaisikia na kumjibia mwenzake. Wataalamu wanauita mstari wa namna hiyo kivuli. Ili kuufuta, unaliwekea sikio zima kelele laini, mvumo kama wa mvua ya mbali, liwe na shughuli yake, kisha unaliuliza lile bovu peke yake. Tulipofanya hivyo, la kushoto likanyamaza kimya hadi mwisho wa mashine. Mama alikuwa anajua. Nikamwomba radhi kimoyomoyo kwa kumtilia shaka.

Mfupa huo huo unatumika pia kwa faida. Kuna kifaa kidogo kinachobanwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio na kuutetemesha, ili sauti ifike kwenye koklea bila kupitia mlangoni, yaani bila tundu la sikio, ile ngozi nyembamba ya ndani iitwayo kiwambo, wala vile vifupa vitatu vilivyo nyuma yake. Ukiwa na majibu ya njia ya hewa na majibu ya njia ya mfupa, unaweza kujua tatizo liko wapi. Mfupa ukisikia vizuri na hewa vibaya, kuna kizuizi njiani na koklea ni nzima. Zote zikiwa chini pamoja, tatizo liko ndani zaidi, kwenye koklea au mshipa wa fahamu. Hekima hiyo ni ya zamani. Madaktari Wajerumani Weber na Rinne, katika karne ya 19, walieleza jinsi ya kuitafuta kwa chuma chenye matawi mawili kinachogongwa kikalia, na hadi leo chuma hicho kimo mifukoni mwa madaktari wa masikio.

Na asiyeweza kubonyeza kitufe je? Nilipelekwa kumwona mtoto mchanga wa siku mbili. Alikuwa amelala, na kumbe hivyo ndivyo anavyotakiwa awe. Fundi wa kipimo alimwekea sikioni kizibo laini chenye kispika na kipaza sauti vidogo mno. Sikio lenye afya, likipewa sauti, linatoa sauti yake kujibu. Ni sauti hafifu sana, inatoka kwenye zile seli za vinyweleo zinapojinyoosha na kujikunja, na kipaza sauti kinainasa ikirudi. Mwanafizikia Mwingereza David Kemp ndiye aliyeitangaza mwaka 1978. Niliposimama pale na kuona kwenye kioo cha mashine mistari ikipanda, sikio la siku mbili likijibu wakati mwenye nalo yuko usingizini, nilisahau kuandika.

Mashine ikisema mtoto hakupita, haijasema kwamba mtoto ni kiziwi. Siku za kwanza huenda kuna majimaji au utando wa kuzaliwa nao umebaki tunduni. Anarudiwa, na ikibidi anapimwa kwa njia nyingine: vipande vidogo vya kunata vinawekwa kichwani, sauti inapigwa, na mashine inasoma umeme wa mshipa wa kusikia ukipanda kuelekea ubongo katika sehemu ya mia moja ya sekunde. Vipimo hivi viwili havifanyi kazi moja. Kuna watoto ambao koklea yao inajibu lakini ujumbe haufiki vizuri juu, na hao kipimo cha kwanza peke yake kingewapitisha. Lengo ambalo wataalamu wameliweka ni kwamba mtoto achujwe, yaani apewe kipimo cha awali, kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Lugha haimngojei mtoto. Iwe lugha ya kusema au lugha ya alama, inahitaji kuingia mapema.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa usikivu, na linasema kwa watoto asilimia 60 hivi ya visa vingeweza kuzuilika. Nilizisoma namba hizo kabla ya kwenda. Nakiri zilikuwa namba tu, mpaka alipoingia mtoto niliyewaahidi.

Alikuwa na miaka minne na nusu, wa chekechea, aliletwa na mama yake pamoja na barua ya mwalimu. Barua ilisema mtoto akiitwa haitiki, lakini akitaka anasikia, kwa hiyo anafanya makusudi. Mama naye akasema hivyo hivyo. "Nyumbani pia hasikii. Nimemsema, nimemchapa, hasikii. Lakini nikifungua pakiti ya biskuti yuko chumba kingine, anakuja mbio."

Mtaalamu hakubishana naye. Alikaa sakafuni na mtoto, akamwekea ndoo na vitofali vya mbao vya rangi. Akamvisha vipokea sauti, akakishika kitofali kimoja karibu na shavu lake mwenyewe, akatulia kama mtu anayevizia ndege. Mlio ulipokuja, wa nguvu ya kutosha, akakitia ndooni. Akafanya tena. Mara ya tatu akampa mtoto. Mtoto akakiweka shavuni, macho ameyatoa, akasubiri. Mlio. Tuk, ndooni. Akacheka. Kutoka hapo ulikuwa mchezo wao wawili, na mimi nje nikishusha na kupandisha, nikiwa sasa najua kusubiri.

Ilipofika desibeli 35, kitofali kikabaki shavuni. Nikapandisha hadi 40, tuk. Nikashusha, kikabaki. Masikio yote mawili hivyo hivyo. Tukampima kwa mfupa, akawa anatia vitofali hata kwenye 10. Kisha tukamwekea kizibo cha mashine nyingine, inayobadilisha kidogo shinikizo la hewa tunduni na kuangalia kama kiwambo kinacheza. Kiwambo kizima huchora kilima kwenye karatasi. Vya kwake vilichora mstari bapa, kulia na kushoto. Nyuma yake kulikuwa kumejaa majimaji.

Mtaalamu akamweleza mama kwamba majimaji ya namna hii ni ya kawaida kwa watoto, mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, na yasipokauka daktari wa masikio anaweza kuweka kijibomba kidogo kwenye kiwambo. Akamwambia kwamba kiwango chake kinapanda na kushuka, mafua yakija kinazidi, ndiyo maana siku moja anaitika na siku nyingine haitiki. Chumba kikiwa kimya huenda akapata hata mchakacho wa pakiti, lakini darasani, watoto arobaini wakipiga kelele, sauti ya mwalimu inazama. Akaandika barua ya kumpeleka kwa daktari, na nyingine ya kwenda shuleni: akae mbele, aitwe akiwa anatazama, arudi kupimwa tena.

Mama alikuwa ameishika karatasi muda wote. Akauliza, "Kwa hiyo siku zote hizi nilipokuwa nasema hasikii..."

"Ni kweli, mama," mtaalamu akamjibu. "Alikuwa hasikii."

Mtoto alikuwa bado sakafuni, ametupa mgongo, anavitoa vitofali ndooni kimoja kimoja. Mama akamwita kwa jina. Hakugeuka. Nilimwona mama akivuta pumzi kama anayetaka kuita kwa nguvu zaidi, kisha akaiachia. Akainuka, akazunguka, akachuchumaa mbele yake, akangoja mpaka mtoto akainua macho. Ndipo akamwambia waende nyumbani, naye akasimama, akampa mkono.